Kazi za Nyumba Mama Anapougua

"Mheshimiwa Mshauri, mke wangu anaugua saratani ya matiti, na kila baada ya siku 21 humpeleka Ocean Road, Dar es Salaam, akatiwe dawa kwa njia ya mshipa. Tuna binti wa miaka 13 aliye darasa la saba, mvulana wa miaka 11, na kitindamimba wa miaka 7. Kazi zote zimemwangukia binti, kwa kuwa naona haya kumtia mvulana jikoni. Juzi nilimkuta binti analia uani, wala hakunieleza sababu. Nifanyeje? Baba wa Watatu, Pangani."

Ndugu yangu, namwombea mkeo afueni, nawe nakuombea subira.

Hukuniandikia kama watoto wameambiwa jina la maradhi ya mama yao, na kunyamaza kwako kwanifanya nidhani kwamba hawajaambiwa. Mtoto anayeamka alfajiri kuwasha jiko, akaenda shule na kurudi kwenye sufuria na nguo chafu, hali macho yake yanaziona nywele za mama zikipukutika juu ya mto na hapana mtu mzima aliyemweleza sababu, huwa amebebeshwa mizigo miwili, wa kazi na wa hofu, na huu wa pili hana hata wa kumtua. Waiteni wote watatu wiki hii. Waambieni kuwa ni saratani, kuwa haiambukizi, kuwa dawa ndiyo inayoangusha nywele na kumtapisha mama, na kwamba hapana aliyeyaleta maradhi hayo kwa utundu wake, maana watoto wadogo hudhani hivyo kwa siri. Msiwaahidi msichokimiliki.

Kuhusu mvulana, haya yako siikubali. Katika mwambao wetu pilau ya harusi hupikwa na wanaume, na jahazi likiwa baharini hapana mwanamke wa kuwapikia mabaharia. Basi kijana wa miaka 11 aketi juu ya mbuzi akune nazi, achote maji, achambue mchele, afue sare yake kwa mikono yake mwenyewe. Mdogo afagie ua na kumpelekea mama maji ya kunywa, ila asikaribie moto wala maji yanayochemka.

Lakini jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni nani wa kuzigawa kazi hizo. Maradhi yamekwisha kumpokonya mkeo nguvu, na nyumba nyingi, kwa huruma isiyo na tadbiri, humpokonya mgonjwa hata amri iliyobaki, watu wakanong'ona mlangoni na kumpitia kama mgeni aliyelala. Tandikeni mkeka kando ya kitanda chake jioni, yeye ndiye aseme nani apike na nani aoshe, na aliyemaliza kazi arudi kwake kumwarifu. Siku za kwanza baada ya dawa, asipoweza kuinua kichwa, wewe ushike nafasi yake. Siku zile anazopata nafuu kabla ya dawa nyingine, mwachie kazi moja ya kuketi anayoichagua mwenyewe, kama kumsikiliza mdogo akisoma.

Zipo kazi zisizo za mtoto. Kwa muda wa saa 48 baada ya kutiwa dawa, mkojo na matapishi ya mgonjwa huwa yangali na mabaki ya dawa hiyo. Shuka na ndoo zenye uchafu huo zioshe wewe, umevaa glovu. Dawa hizo hudhoofisha pia kinga ya mwili, kwa hiyo watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kumgusa, na mwenye kikohozi au homa akae mbali naye.

Majirani wakisema, "Mtwambie mkiwa na haja," watajieni haja: huyu chakula cha Jumatatu, yule kufua Alhamisi. Na ikisha swala ya magharibi, binti ashike vitabu vya mtihani wake, asiitwe jikoni.

Leo usiku usimwulize kwa nini alilia. Yachukue masufuria uyaoshe mwenyewe, naye aketi karibu nawe bila kazi mkononi, na mkae hivyo hata akiwa hasemi neno. Akinyamaza leo, kesho yaoshe tena.