Zawadi Itoke kwa Wote Wawili



Mada yetu ya leo yaweza kuonekana kuwa ya akina mama peke yao: kushona mfarishi, yaani lile blanketi la viraka, ili kuwapa zawadi jamaa na marafiki. Baba, tafadhali usifungue ukurasa mwingine. Somo hili lakuhusu wewe sawasawa na mkeo. Lisomeni pamoja jioni moja watoto wakishalala, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

TUTAZAME MAISHA YETU

Tutwae mfano. Mama mmoja ana mkono mzuri wa kushona. Kila Jumamosi hupitia kwa mafundi wa cherehani sokoni, akanunua kwa bei ndogo mabaki ya vitenge na ya sare za shule. Usiku huketi karibu na taa akiviunganisha vipande hivyo. Mfarishi wa kwanza alimpa dada yake alipojifungua. Wa pili ulikwenda kwa rafiki yake wa jumuiya aliyefunga ndoa. Wa tatu alimpelekea mama yake mzazi. Watu wote walimsifu, naye alifurahi sana.

Mumewe hakusema neno, lakini moyoni alikuwa akihesabu. Mitatu imetoka nyumbani, na hakuna hata mmoja uliokwenda kwa mama yangu. Alihesabu pia jioni nyingi alizokula peke yake huku mkewe ameinamia sindano. Siku moja akalitafuta shati la marehemu baba yake, alilokuwa amelihifadhi ndani ya sanduku. Hakuliona.

"Mama watoto, shati la mzee liko wapi?"

Mke akajibu bila wasiwasi, "Lile lililochakaa? Nililikata kitambo. Limo katika mfarishi wa mama."

Mume aliondoka mezani bila kumaliza chakula. Kwa juma zima hawakusemezana ila kwa kuwatuma watoto.

Je, nani mwenye kosa hapa? Mke hakuiba wala hakufuja pesa; alikuwa akifanya kazi ya upendo. Mume naye si mchoyo. Alitamani tu kwamba na mama yake akumbukwe. Mke alikosa kwa kutouliza. Mume alikosa kwa kunyamaza na kuweka hesabu moyoni mpaka ikaiva kuwa hasira. Zawadi zilitoka katika nyumba ya watu wawili kana kwamba ni nyumba ya mtu mmoja.

TUSIKILIZE NENO LA MUNGU

Maandiko Matakatifu yanaiheshimu sana kazi ya sindano. Someni Matendo ya Mitume sura ya 9, kuanzia aya ya 36 hadi ya 42. Huko Yafa alikuwako mwanafunzi aitwaye Tabitha, au Dorkas. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa hai. Hawakumsimulia maneno ya Dorkas. Walimwonyesha mishono yake. Kumbe nguo iliyoshonwa kwa mkono inaweza kuwa ushuhuda wa imani.

Someni pia Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 2, aya ya 18 hadi ya 20. Hana alikuwa amemtoa mwanawe Samweli amtumikie Mungu hekaluni. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Lakini angalieni vizuri: hakwenda peke yake. Alikwenda pamoja na mumewe Elkana kutoa sadaka ya kila mwaka, na kuhani Eli aliwabariki wote wawili. Sindano ilikuwa mkononi mwa Hana, lakini safari ilikuwa ya wote wawili, na baraka ikawaangukia wote wawili. Hilo ndilo somo letu la leo.

Katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016 uitwao Amoris Laetitia, ibara ya 133, Papa Fransisko aliwakumbusha watu wa ndoa maneno matatu: la kuomba ruhusa, la kushukuru na la kuomba radhi. Yapimeni maneno hayo katika mfano wetu. Kama mke angesema, "Naomba nilitumie shati hili," mumewe angepata nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Kama mume angesema, "Asante kwa kazi ya mikono yako," mkewe angejua kwamba inaonekana. Na kama mmoja angetangulia kusema, "Nisamehe," wasingekaa juma zima bila kusemezana.

SHATI KUUKUU SI TAKATAKA

Pengine wewe mama utauliza, "Shati lililotoboka lina thamani gani hata watu wagombane?" Sikilizeni habari ya mjane mmoja wa Marekani. Gee's Bend ni kijiji cha watu weusi katika jimbo la Alabama, nao wanawake wake wanajulikana kwa mifarishi waliyoshona kwa nguo kuukuu ili kujikinga na baridi. Mama mmoja wa huko, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alizichukua nguo zake za kazi, akazikata na kuziunganisha kuwa mfarishi. Binti yake alieleza baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika upendo wake. Miaka mingi baadaye mifarishi ya kijiji hicho ilipelekwa kuonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa. Lakini mama huyo hakushona kwa ajili ya sifa. Alishona kwa ajili ya mume.

Basi nguo ya mtu hubeba kumbukumbu ya mwili uliofanya kazi ndani yake. Ndiyo sababu haikatwi bila idhini. Na ndiyo sababu pia, ikikatwa kwa idhini, hugeuka kuwa zawadi kubwa kuliko yoyote inayouzwa dukani.

TUTENDE: MPANGO WA KAZI

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini katika ndoa moyo wa kutoa unahitaji mpango. Fuateni hatua hizi.

Kwanza, andikeni orodha pamoja. Mwanzoni mwa mwaka ketini na daftari. Nani anangojewa kuzaa, nani anaoa, nani ni mgonjwa, mzazi yupi analala penye baridi? Upande wa mume na upande wa mke wote wakumbukwe. Kisha tazameni vitanda vya nyumba yenu wenyewe. Si haki mifarishi iende kwa marafiki huku watoto wenu wakigombania blanketi moja.

Pili, kubalianeni juu ya pesa na nguo. Mabaki ya nguo ni rahisi, lakini uzi, kitambaa cha chini na cha ukingo vinagharimu. Wekeni kiasi mnachokiweza. Nguo kuukuu za nyumbani zitiwe katika mfuko mmoja, na kila mtu atie zake mwenyewe. Kisichokuwa ndani ya mfuko huo kisiguswe na mkasi.

Tatu, fanyeni hesabu ya kazi. Tuseme mwataka mfarishi wa futi 5 kwa 7. Kateni miraba ya inchi 6 na nusu kila upande. Robo inchi italiwa na mshono pande zote, na mraba utabaki inchi 6. Mtahitaji miraba 10 kwa upana na 14 kwa urefu, yaani 140. Mama akiunganisha miraba 10 kila usiku, hizo ni siku 14, na hapo ni upande wa juu tu uliokwisha. Baba akiijua hesabu hii, hataiona tena kazi hiyo kuwa mchezo. Mama naye ataona kwamba haifai kuahidi mifarishi mitatu kabla ya Krismasi.

Nne, gawaneni kazi. Fueni nguo zote kabla ya kukata, kwa maana pamba hunywea na rangi nyingine huchuja. Msichanganye kitambaa kizito cha jinzi na kitenge chepesi, kwani kizito huvuta chepesi mpaka kikachanika. Baba aweza kupima na kukata kwa kiolezo cha karatasi ngumu. Watoto wapange rangi sakafuni. Mama aunganishe na kupiga pasi mishono. Kisha tandazeni kitambaa cha chini, kikubwa kidogo kuliko cha juu. Katikati wekeni blanketi kuukuu lililo safi. Juu yake wekeni viraka vyenu. Pigeni bandi kuanzia katikati kwenda nje ili pasiwe na makunyanzi. Halafu pitisheni mishono midogo katika tabaka zote tatu, au fungeni mafundo ya uzi imara kwenye pembe za miraba. Mwisho shoneni ukingo kuzunguka pande zote.

Kufunga mafundo ni kazi nzuri ya watu wawili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, huku mkizungumza mambo ya siku hiyo. Baba, usiseme ni aibu. Tembea sokoni uone ni wanaume wangapi wanaoketi nyuma ya cherehani.

Jambo la usalama: wataalamu wa afya hushauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asilazwe na blanketi nzito au laini lililolegea, kwa kuwa laweza kumziba pumzi. Mfarishi wa mtoto mchanga uwe wa kutandika sakafuni achezee, au wa kutunziwa mpaka akue.

Tano, toeni pamoja. Nendeni wawili, mseme, "Hii imetoka nyumbani kwetu." Mkishatoa, mmetoa. Msiende kuchungulia kama imetandikwa, wala msimkumbushe mtu zawadi yenu siku mnapokosana naye.

TURUDI KWA WALE WAWILI

Jioni moja mke aliuleta mfuko wa mabaki akaumwaga mezani. Alitafuta mpaka akapata mfuko wa kifuani wa shati la mzee, ambao haukuwa umetumika. Akauweka mbele ya mumewe, akasema, "Nisamehe, baba watoto. Sikujua." Mume akakishika kile kipande kwa muda, akajibu, "Na mimi nisamehe. Nilinyamaza, ningesema."

Wakakubaliana kushona mfarishi wa nne, wa mama yake mume, na ule mfuko wa shati ukae katikati kabisa. Miraba yote 140 ilikatwa na mume.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni zawadi gani iliyotoka nyumbani kwetu bila mmoja wetu kujua? Ilimfanya ajisikieje?

2. Je, jamaa za upande mmoja hukumbukwa kuliko za upande wa pili? Kwa nini?

3. Ni kazi gani ya mikono ya mwenzangu ambayo sijawahi kuishukuru?

4. Ni kitu gani changu ambacho mwenzangu hajui kwamba ni cha thamani kwangu? Nimwambie leo.

AZIMIO LA MWEZI HUU

Tuchague mtu mmoja tutakayempa zawadi ya mikono yetu, na kila mmoja wetu aifanyie kazi kwa sehemu yake.

SALA

Ee Bwana, uliyetuunganisha katika Sakramenti ya Ndoa, tufundishe kuombana, kushukuriana na kusameheana. Bariki mikono yetu minne, ili kinachotoka katika nyumba yetu kiwapashe wengine joto, na upendo usipoe ndani yake. Amina.