Imani ya Siku za Kazi: Maswali ya Waumini wa Bagamoyo

Maswali haya yametoka kwa waumini wa Bunju, Mapinga, Kerege na Bagamoyo mjini. Anayejibu ni katekista ambaye kwa miaka mingi amefundisha dini pamoja na historia ya misheni ya pwani.

Mwalimu, Jumapili naimba kwaya, moyo unatulia. Jumatatu nikifika mnadani kuuza samaki naona kama Yesu nimemwacha kanisani. Nifanyeje?

Mama, Yesu wa Injili anaujua ufukwe vizuri. Wanafunzi wake wa kwanza aliwaita wakiwa kazini na nyavu zao, na baada ya kufufuka aliwawashia moto pwani akawaandalia samaki. Mnada wa Bagamoyo si mahali pageni kwake. Mruhusu aitazame mizani yako. Samaki wa jana usimwite wa leo. Dagaa wabovu usiwafunike kwa wazuri. Mama ntilie anayechukua asubuhi na kulipa jioni usimpandishie bei kwa kuwa unajua hana pengine pa kukopa. Na mvuvi aliyerudi na kidogo baada ya usiku wa kusi kali, usimbane hadi akuuzie kwa hasara. Zakayo hatuambiwi kama aliimba. Tunaambiwa alisema hadharani atarudisha fedha alizowadhulumu watu, mara nne, na siku hiyo wokovu ukaingia nyumbani mwake.

Natoka Kerege alfajiri kuwahi gari la Dar es Salaam, narudi usiku. Nisali saa ngapi?

Ndani ya gari. Taja mbele za Mungu watu watatu utakaokutana nao kazini, hasa yule anayekuudhi, kisha nyamaza kidogo. Usiku, kabla ya kulala, muulize Yesu ni wapi leo ulimpita bila kumwona. Sala fupi ya kila siku itakulea kuliko mkesha mmoja kwa mwaka.

Nimesikia kwamba misheni yetu ya Bagamoyo ilinunua watumwa. Je, hiyo nayo ilikuwa imani?

Ni kweli, na usiogope kulisema. Mapadri wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja na kuanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Wakati huo hapa ndipo njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilipofikia bahari. Pembe za ndovu zilishuka hapa, na watu pia. Mapadri walitoa fedha kuwakomboa, wengi wakiwa watoto, na waliokombolewa wakawekwa katika kijiji cha uhuru kando ya misheni. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 waliwauguza wagonjwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha majengo, wakajenga tena. Vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani vilipowaka mwaka 1888, watu wengi walikimbilia kwenye viwanja vya misheni, na hawakuwa Wakristo tu.

Vijana wangu siwafundishi nusu ya habari. Waliokombolewa waliishi kwa kengele: ya kuamka, ya shamba, ya sala. Wamisionari waliingilia hata ndoa zao. Wapo waliotoroka, na mimi siwalaumu, maana uhuru unaopangiwa na mwingine kila saa haujakamilika. Fedha ya ukombozi nayo, hata ikitolewa kwa huruma, iliishia mkononi mwa muuza watu. Tuyaseme yote, mema na mabaya, bila kuogopa kwamba kanisa litaanguka.

Ninaowastahi zaidi ni waliokombolewa wenyewe. Walinyang'anywa mama, lugha na kwao, kisha wakaishika imani waliyoikuta ugenini na kuifanya yao. Familia zao ndizo zilizofuatana na mapadri kufungua vituo vya bara, Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881. Watalii huoneshwa mnara wa Livingstone. Wewe ukienda misheni, fika makaburini pia, uwaombee hao.

Nina binti wa kazi nyumbani. Namlisha, namvisha, na Jumapili tunaenda naye kanisani. Mshahara wake nimeuchelewesha miezi kadhaa kwa sababu ya ada za watoto. Je, ni dhambi?

Ndugu yangu, ndiyo. Waraka wa Yakobo unasema wazi kwamba ujira uliozuiwa unapiga kelele mbele za Mungu, na ada ya mwanao haiwezi kuunyamazisha. Najua maisha ni magumu. Lakini umeamua kwamba ugumu wako abebe yeye, kwa kuwa yeye hawezi kukudai.

Swali lako linaniuma kwa sababu tunaishi Bagamoyo. Tunasimulia kwa uchungu habari za watoto waliotolewa bara na kuletwa pwani, huku ndani ya nyumba zetu kuna mtoto aliyetolewa bara, hana simu, hana siku ya kupumzika, na anakula baada ya wote kushiba. Sisemi mambo haya mawili ni sawa. Nasema aliyeguswa na habari ile hawezi kulala vizuri akiliona hili.

Anza na sheria, kwa kuwa upendo usiofika hata kiwango cha sheria ni maneno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na wa miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu. Mfanyakazi ana haki ya saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ukimaliza hayo, nenda mbele: umwite kwa jina lake, ale mezani, aongee na mama yake kwa simu. Jioni mnaposali, aongoze yeye siku moja moja. Na muombe radhi mbele ya watoto wako, ili nao wajifunze.

Majirani zangu wote ni Waislamu. Namshuhudiaje Yesu bila kuwaudhi?

Uwe jirani. Msiba ukitokea uwepo mapema, ubebe maji, ukae mkekani, na usigeuze matanga kuwa mahubiri. Ukiwaalika Krismasi, mwombe mmoja wao achinje kuku, ili wale kwa amani. Ramadhani usimpikie fitina anayefunga. Akikuuliza kwa nini unasamehe au kwa nini hukuchukua rushwa, hapo mjibu bila kuona haya: ni kwa ajili ya Yesu. Kumtaja ni wajibu wetu, ila jina lake lisitangulie pale ambapo matendo yetu hayajafika.

Mimi ni Mlutheri. Wakatoliki wa mtaa wamenialika kwenye sala ya jumuiya. Niende?

Nenda. Tarehe 24 Februari 1874, Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao waliufikisha Bagamoyo mwili wa David Livingstone, msafiri Mprotestanti wa Uskoti, walioubeba kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Mapadri Wakatoliki waliupokea, ukalazwa kwao usiku ule. Zama zile Wakatoliki na Waprotestanti walitazamana kwa jicho baya kuliko leo, na bado mlango ulifunguliwa.

Mhubiri ameniambia ninunue mafuta ya upako, biashara ifunguke. Nitumie fedha ya kodi ya nyumba?

Hapana. Lipa kodi. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta yaliyomwagwa ili wayakanyage wabarikiwe. Walikuwa watu wenye shida kama zako, na nawalilia hadi leo. Yesu hakumtoza kipofu nauli ya kuona. Anayekuuzia neema anauza asichokimiliki, nawe huna deni naye.

Nimekaa mbali na kanisa miaka mingi, nina mambo nayaonea aibu. Nirudije?

Rudi kama ulivyo, usingoje kwanza ujitakase. Wiki hii mtafute mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wako, au mchungaji wako kama wewe si Mkatoliki, mwambie unataka kurudi. Mambo ya aibu mweleze padri faraghani. Hapaswi kuyatoa popote. Kama kuna mtu uliyemdhulumu, anza kumlipa, hata kidogo kidogo. Jumapili njoo, na usikae nyuma.