Kipande Kikiingia Ndani ya Jicho: Kupungua kwa Maumivu Si Kupona

Wakazi wa kaunti, hasa mafundi wa jua kali, wavunjaji kokoto na wakulima, wanahimizwa kufika hospitalini mara moja kitu kinapowagonga jichoni, hata kama maumivu yamepungua na jicho bado linaona.

Vumbi au kibanzi kilichokaa juu ya jicho huwasha na kukwaruza kila mtu anapopepesa. Mara nyingi hutoka kwa machozi, au jicho linapooshwa kwa maji safi yanayotiririka. Kipande kilichoruka kwa kasi ni jambo lingine. Chembe ndogo ya chuma yenye makali hutoboa jicho na kubaki ndani, na tundu lake huweza kujifunga lenyewe lisionekane. Mgonjwa huhisi mchomo wa muda mfupi, akapangusa uso na kurudi kazini.

Kwa sababu hiyo, mhudumu wa macho huanza kwa kuuliza: ulikuwa unafanya kazi gani? Kugonga chuma kwa chuma, kukata kwa grinda, kupasua mawe au kukata nyasi kwa mashine ni sababu tosha ya kushuku kuwa kitu kimeingia ndani.

Dalili za hatari
• Kuona ukungu au vidoa vyeusi vinavyoelea
• Mboni iliyopoteza umbo lake la duara
• Damu au majimaji yanayotoka ndani ya jicho
• Maumivu na wekundu unaozidi

Asiye na dalili hizi pia achunguzwe. Bakteria walioingia na kipande huweza kuharibu jicho kwa siku chache tu. Chuma kikikaa ndani hushika kutu, na sumu yake huua uwezo wa kuona polepole, kwa miezi au hata miaka. Shaba huweza kuleta uvimbe mkali mapema zaidi. Lenzi ikitobolewa, mtoto wa jicho hutokea.

La kufanya
1. Usisugue wala kulibonyeza jicho.
2. Usijaribu kukitoa kipande kwa njiti ya kiberiti, ncha ya kitambaa, ulimi au sumaku.
3. Ukishuku jicho limetobolewa, usilioshe, na usitie dawa, maziwa ya mama wala kitu kingine chochote.
4. Likinge kwa kitako cha kikombe safi cha karatasi au plastiki, kikae juu ya mifupa inayolizunguka bila kuligusa jicho, kisha ukishikilie kwa plasta.
5. Nenda hospitali yenye kitengo cha macho siku hiyo hiyo. Usile wala kunywa njiani, kwani huenda ukahitaji upasuaji.

Hospitalini
Mhudumu hupima uwezo wa kuona, kisha hulikagua jicho kwa darubini maalumu yenye mwanga. Eksirei huonyesha vipande vingi vya chuma, na CT huonyesha mahali kilipo kwa usahihi zaidi. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na chuma jichoni hafai kupimwa kwa MRI, kwa kuwa sumaku ya mashine hiyo huweza kukisogeza kipande na kuongeza madhara. Mti au plastiki huweza kutoonekana kwenye eksirei, kwa hivyo ni muhimu kumweleza daktari hasa ni kitu gani kilichoruka.

Kipande hutolewa katika chumba cha upasuaji na daktari bingwa wa macho, kwa koleo nyembamba au sumaku maalumu, na jeraha hushonwa. Mgonjwa hupewa dawa za kuua bakteria na, inapohitajika, chanjo ya pepopunda. Kilichofika karibu na retina huhitaji bingwa wa sehemu hiyo, na huenda mgonjwa akapewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi. Kila saa inayopotea kabla ya kufika hospitalini hupunguza nafasi ya kuliokoa jicho.

Kinga
Miwani ya kinga iliyofunika pembeni huzuia majeraha mengi ya aina hii. Miwani ya jua au ya kusomea haitoshi. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na mfanyakazi anapaswa kuvitumia. Wanaosimama karibu na mtu anayekata chuma, wakiwemo wateja na watoto, nao wakae mbali.