Mmisionari asiyetoka nje ya ukuta



Zamani Dominika ya Kimisionari ilikuwa inanipa aibu. Hela sina, safari sina, nachangia nini? Aliyenifungua macho ni Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu.

Mwaka 1887, akiwa na miaka 14, alisikia habari za Pranzini, muuaji aliyehukumiwa kifo huko Paris. Wengine walimlaani. Teresa alimwonea huruma, akamwombea, akaomba na Misa itolewe kwa ajili yake. Baadaye alisoma gazetini kwamba Pranzini aliubusu msalaba kabla ya kuuawa.

Mwaka uliofuata akaingia monasteri ya Wakarmeli, Lisieux. Humo aliwaombea na kuwaandikia barua wamisionari wawili: mmoja alikwenda China, mwingine baadaye akatumwa Malawi. Hata akiugua kifua kikuu, alijikokota kutembea, akimtolea Mungu uchovu wake kwa ajili ya mmisionari aliyechoka mbali. Alifariki 1897. Mwaka 1927 Papa Pio XI akamtangaza msimamizi wa misioni.

Nimejifunza hivi: huruma inatangulia, sala inafuata. Mimi nilikuwa naombea "wamisionari wote", huku namkwepa rafiki yangu aliyeacha kusali tangu afiwe na mama yake. Sasa namtaja kwa jina kila jioni, na Jumamosi nampigia simu. Bado hajarudi kanisani. Ila siku hizi anapokea.

Na wewe, leo utamtaja nani?

Ee Yesu, utupe moyo wako wa huruma. Amina.