Kuchagua mchongoko wa ufito wa mwanzi

Anayetaka kuunda ufito wa mwanzi wa kuvulia trauti kwa nzi bandia hukutana mapema na jedwali la namba. Kila baada ya inchi 5, kuanzia nchani hadi kwenye mpini, jedwali hutaja unene wa ufito kwa elfu za inchi. Mfuatano huo ndio mchongoko, yaani namna ufito unavyonenepa kutoka nchani kwenda shinani. Majedwali ya mafundi mashuhuri yapo mengi, na ukiyatandaza mezani yanakaribiana mno: fito mbili za urefu mmoja huweza kupishana elfu tano hapa, elfu kumi pale. Yafaa ujue kuyalinganisha kabla hujapitisha randa, kwa sababu mwanzi mzuri ni ghali na ufito mmoja hula saa nyingi za kazi.

Elfu tano zisidharauliwe. Ugumu wa ufito hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Mahali penye unene wa elfu 200, ukiongeza elfu 10, ugumu wa hapo unapanda kwa takriban asilimia 22. Nchani, penye elfu 70, elfu 5 tu zinatosha kuupandisha kwa asilimia 32 hivi. Kwa hiyo usitazame tofauti ya namba tupu. Igeuze kuwa asilimia ya unene wa mahali hapo, ndipo utaona majedwali mawili yanaachana wapi hasa.

Kipimo cha pili, na kwangu ndicho bora, ni mkazo, yaani mzigo wa kila sehemu ukilinganishwa na unene wake. Everett Garrison, mhandisi wa New York aliyeunda fito kwa mkono, alikokotoa mzigo unaobebwa na kila sehemu: uzito wa mshipi, wa mwanzi wenyewe, wa vanishi na wa viungo vya chuma, kisha akazidisha kwa 4 ili kukadiria mtikiso wa kurusha. Kitabu chake, kilichokamilishwa na Hoagy B. Carmichael, kilitoka mwaka 1977, miaka miwili baada ya Garrison kufariki. Ukichora mkazo wa kila inchi 5 unapata mstari wenye vilele na mabonde. Penye kilele ndipo mwanzi unapofanya kazi zaidi. Penye bonde una akiba. Programu za kompyuta hufanya hesabu hiyo leo kwa dakika chache, lakini hakikisha michoro yote miwili imetumia namba moja ya mshipi, yaani uzito wake, na urefu mmoja wa mshipi uliotoka nchani. Mchoro wa futi 50 hauwezi kuwekwa kando ya mchoro wa futi 35.

Chukua fito za futi 8. Garrison 212 ina mstari mlaini usio na vilele vikali. Mzigo unagawanywa karibu sawa kutoka juu hadi chini, na ufito unapinda wote kwa taratibu. Ni ufito wa mtu asiye na haraka, na unasamehe makosa ya mkono. Dickerson 8013 ni tabia nyingine. Lyle Dickerson wa Detroit aliziita fito zake kwa namba zinazojieleza: 80 ni futi 8 na inchi 0, na 13 ni kipenyo cha kiungo, 13/64 ya inchi. Shina lake lina nguvu, ufito unarudi upesi, na hufaa mto mpana wenye upepo ambako nzi lazima afike mbali.

Katika mji huohuo wa Detroit, Paul Young alishika njia iliyo mbali na ya Dickerson. Para 15 yake, nayo ya futi 8, imejengwa juu ya fikra iliyotangazwa na Charles Ritz wa Paris, aliyebuni fito za kiwanda cha Pezon et Michel. Mkazo unasukumwa chini, karibu na mpini, na sehemu ya kati inabaki ngumu kiasi. Kwa mshipi mfupi unasikia ncha tu; mshipi ukirefuka, shina linaamka. Ni ufito mtamu kwa mkono uliotulia, ila anayeharakisha mrusho atauona mshipi wake ukijikunja na kujifunga fundo. Simshauri mtu aanzie hapo.

Upande wa mashariki kuna ukoo wa Leonard. Hiram Leonard alianzia Bangor, Maine, karakana yake ikahamia Central Valley, New York, na Edward Payne alifanya kazi kwake kabla ya kujitegemea. Mwanawe, Jim Payne, aliinyoosha kazi hiyo mpaka ikawa mfano wa usafi. Payne 98, ya futi 7, haina jambo la kushangaza popote, na hilo ndilo linalonivutia: inarusha vizuri karibu, inarusha vizuri kwa umbali wa kadiri, na haidai mrusho wa pekee. Kwa mito myembamba yenye vichaka, kama Thego au Gura nchini Kenya, ambako trauti waliletwa kuanzia 1905, urefu wa futi 7 unatosha kabisa. Mchongoko mwingine wa futi 7 unaomfaa anayeanza ni Sir D wa Wayne Cattanach wa Michigan, kwa mshipi namba 4.

Jihadhari na umri wa jedwali. Fito za zamani zilipangiwa mishipi ya hariri iliyotajwa kwa herufi za unene, kama HDH au HEH. Namba za sasa hufuata uzito wa futi 30 za kwanza. Namba 5 ni greni 140, karibu gramu 9. HEH hukaribia namba 5 na HDH namba 6, lakini ni kukaribia tu. Uliza pia kama vipimo vilichukuliwa juu ya vanishi, kwani ngozi ya vanishi huweza kuongeza elfu kadhaa ambazo si mwanzi. Tena namba zote hizi zilizaliwa na mwanzi wa Tonkin kutoka Guangdong, China, wenye nyuzi nene zilizosongamana karibu na ganda. Ukitumia mwanzi wa aina nyingine, hesabu inaanza upya. Hata kugeuza ufito wa vipande viwili kuwa vitatu kunaongeza kiungo na uzito wake, na mstari wa mkazo unahama.

Ukishachagua, usirekebishe chochote katika ufito wa kwanza. Papi sita za pembe tatu hurandwa ndani ya kalibu ya chuma, na kina cha mfereji ni nusu ya unene ulioandikwa: elfu 200 kwenye jedwali ni elfu 100 kwenye kalibu. Baada ya gundi kukauka na kusafishwa, pima jozi zote tatu za nyuso zinazoelekeana kila inchi 5 na uandike namba ulizozipata kando ya zile ulizozikusudia. Ingiza namba zako kwenye hesabu ya mkazo, kwa sababu mchongoko utakaouvulia ni huo uliopima.