Mbegu ya Kupanda na Mbegu ya Kula: Kuotesha Mboga Chipukizi Ndani ya Nyumba bila Udongo

Mboga chipukizi ni miche ya mboga inayokatwa na kuliwa kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu kupandwa, wakati majani yake mawili ya mwanzo yamekunjuka. Baadhi ya wauzaji huziita maikrogrini. Hazihitaji shamba wala udongo: sahani pana, kitambaa safi, maji na dirisha lenye mwanga vinatosha. Kwa familia inayoishi katika chumba cha kupanga au ghorofani, hii ni njia nyepesi ya kuongeza majani mabichi mezani.

Urahisi huo una jambo moja ambalo mlaji hana budi kulifahamu kabla ya kununua chochote. Katika kilimo cha kawaida, mbegu hufukiwa ardhini na mkulima huvuna jani au tunda baada ya wiki nyingi au miezi kadhaa. Mbegu ya mboga chipukizi, ikipandwa Jumatatu, huweza kuwa mezani wiki inayofuata, na mara nyingi huliwa bila kupikwa. Chochote kilichoshika kwenye mbegu, kiwe dawa au kiwe kijidudu, kipo karibu mno na mdomo wa mlaji. Ndiyo maana tunaanza somo hili na mbegu, kisha sahani na maji vifuate.

Mbegu mbili zinazofanana

Mbegu nyingi zinazouzwa katika maduka ya pembejeo zimetiwa dawa ya kuua kuvu au wadudu ili zisioze wala kuliwa zikiwa ardhini. Kwa kawaida mbegu hizo hupakwa rangi nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu kama onyo, na pakiti huandikwa kwamba zisiliwe na watu wala mifugo. Mbegu ya namna hiyo ni halali na ina faida shambani, lakini haifai hata kidogo kwa mboga chipukizi. Dawa hiyo haiwezi kuaminiwa kuwa imeondoka kwa kuoshwa au kulowekwa. Rangi ikitoka kwenye maji, usidhani kwamba mbegu sasa ni salama.

Mlaji asichanganye pia maana ya lebo. Lebo ya TOSCI kwenye pakiti humhakikishia mkulima ubora wa mbegu, yaani aina yake, usafi wake na uwezo wake wa kuota. Haisemi kwamba mbegu hiyo ni chakula. Kwa hiyo, muulize muuzaji swali moja lililo wazi: “Je, mbegu hii imetiwa dawa yoyote?” Asipoweza kujibu, au mbegu ikiwa imemiminwa kutoka mfuko mkubwa usio na maandishi, iache. Inayofaa ni mbegu isiyotiwa dawa, ambayo pakiti yake inaeleza kwamba ni ya kuotesha kwa ajili ya kuliwa.

Kijidudu kisichoonekana

Mbegu isiyo na dawa nayo inaweza kubeba bakteria kutoka shambani, ghalani au mikononi mwa wafungashaji. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, watu wapatao 3,800 waliugua na zaidi ya 50 walifariki kutokana na aina hatari ya bakteria wa E. coli. Uchunguzi uliwafikisha wataalamu kwenye mbegu za uwatu zilizooteshwa, ambazo watu walizila mbichi. Uwatu ni mbegu ileile inayojulikana sana katika jiko la watu wa pwani.

Ni haki tueleze tofauti iliyopo. Mbegu zilizooteshwa, kama choroko, huliwa nzima pamoja na mzizi na ganda, baada ya kukaa siku chache mahali penye joto, giza na unyevu, hali ambayo bakteria huipenda. Mboga chipukizi hupata hewa na mwanga, na hukatwa juu ya mzizi. Hatari yake huhesabiwa kuwa ndogo zaidi, ila haijatoweka. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na watu wenye kinga dhaifu ya mwili wazile zikiwa zimepikwa.

Zipi zioteshwe, zipi ziachwe

Kwa anayeanza, figili na haradali huota upesi na huvumilia makosa. Kabeji, sukuma wiki, mchicha, njegere, alizeti na giligilani nazo zinafaa, ingawa giligilani huchukua wiki mbili hadi tatu.

Usioteshe kwa kula mbichi mimea ifuatayo:

- Maharage, hasa mekundu. Yakiwa mabichi yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, ambayo huondolewa kwa kuchemshwa vizuri.
- Mtama. Mche wake mchanga hutengeneza sianidi, na wafugaji wanajua hatari ya kuwaachia ng’ombe shamba la mtama uliochipua.
- Nyanya, bilinganya na viazi mviringo. Majani na mashina yake yana sumu.

Hatua kwa hatua

1. Jaribu mbegu. Panga mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, na zihesabu baada ya siku nne au tano. Zikiota 16, uwezo wake ni asilimia 80, nao unatosha. Zikiota chini ya 10, mbegu ni chakavu. Zisizoota zitaoza na kuleta kuvu.

2. Safisha vyombo. Osha sahani, mkasi na mikono kwa sabuni na maji safi. Tumia maji yanayofaa kunywewa. Kama huna hakika nayo, yachemshe na uyaache yapoe.

3. Tandika. Weka kitambaa cha pamba kilichofuliwa, karatasi za jikoni zilizokunjwa mara kadhaa, au makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi yaliyolowekwa baharini hubaki na chumvi, hivyo yasuuze mara kadhaa kwa maji baridi.

4. Panda. Njegere na alizeti ziloweke kwa saa 8 hadi 12, kisha uzichuje. Figili, haradali na mchicha hazihitaji kulowekwa. Kwa sahani yenye kipenyo cha sentimita 20, takriban vijiko viwili vya chai vya figili vinatosha. Mbegu zienee bila kupandana.

5. Funika kwa sahani nyingine kwa siku mbili au tatu, ukinyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni. Miche ikianza kusukuma kifuniko, iondoe na uiweke karibu na dirisha.

6. Mwagilia pembeni ili maji yapenye chini kwenye kitambaa, na umwage yaliyosimama. Mbolea haihitajiki, kwa kuwa katika siku hizi chache mche huishi kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu.

7. Kagua. Nywele nyeupe zinazozunguka mzizi, ambazo hulala zikinyunyiziwa maji, ni vinyweleo vya mizizi na hazina madhara. Utando kama wa buibui unaotambaa kati ya mashina, hasa ukiwa na harufu mbaya, ni kuvu. Tupa sahani yote. Usiokoe upande uliobaki.

8. Kata kwa mkasi safi juu kidogo ya kitambaa. Osha kwa maji safi wakati wa kula. Zinazobaki zihifadhi kwenye jokofu, katika nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, na uzile ndani ya siku chache. Kitambaa kifuliwe na kuchemshwa kabla ya kutumika tena; karatasi hutupwa.

Kabla ya kutoa fedha

Yapo maduka yanayouza seti kamili zenye trei, taa, mbegu na mbolea ya maji. Seti hizo si lazima. Dirisha lenye mwanga wa kutosha huchukua nafasi ya taa, na mbolea tumekwisha kuieleza. Anayependa kununua seti na apige hesabu ya kila sahani. Tuchukulie seti inauzwa shilingi 60,000 na mbegu zake zinatosha sahani sita. Kila sahani itakuwa imegharimu shilingi 10,000 katika awamu ya kwanza. Linganisha kiasi hicho na mafungu ya mchicha ambayo fedha hiyo ingenunua sokoni.

Tunawatahadharisha pia walaji kuhusu matangazo ya tiba. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya aina 25 za mboga chipukizi, wakaona kwamba kwa uzito ulio sawa, nyingi zilikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha baadhi ya vitamini kuliko majani yaliyokomaa. Hayo ni kweli, lakini mtu hula kiganja kimoja cha mboga chipukizi na bakuli zima la mchicha. Wala vipimo hivyo havisemi kwamba mboga hizi huponya kisukari, shinikizo la damu au saratani. Mgonjwa asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu ya maneno ya muuzaji.

Dai risiti, na uhifadhi pakiti ya mbegu hadi sahani ya mwisho iliwe. Mtu akiugua, pakiti hiyo yenye namba ya toleo ndiyo itakayowawezesha wakaguzi kufuatilia mbegu zilizobaki madukani kabla hazijafika kwa mlaji mwingine.

Maswali ya kujipima

- Je, pakiti niliyonayo inaeleza kama mbegu imetiwa dawa?
- Je, mmea huu ni miongoni mwa ile isiyofaa kuliwa mbichi?
- Je, maji ninayomwagilia ningeyanywa?
- Je, nyumbani yupo mtu anayepaswa kupikiwa mboga hizi?

Mlaji aliyejibu yote manne kwa hakika anaweza kupanda leo. Aliyesita kwenye la kwanza arudi kwanza dukani akaulize.