Kwa Nini Nembo Hung'oka na Rangi ya Gari?

Mtu apitaye Mtaa wa Msimbazi, kutoka Barabara ya Morogoro hadi upande wa Gerezani, huona magari mengi yaliyotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa nchini. Nyuma ya baadhi ya magari hayo, kando ya jina la kiwanda, mna nembo nyingine ndogo: ile ya duka lililoliuza gari kule lilikotoka. Mwenye gari wa sasa hana haja nayo, naye hutaka kuibandua. Wengine wana sababu kali zaidi. Hebu fikiri hali ya mshabiki wa Wekundu wa Msimbazi aliyenunua gari lenye nembo ya watani wao wa Jangwani!

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Hata hivyo, mara nyingi huishia kwa kidonda cheupe juu ya mlango wa buti, na katika mji wa pwani wenye unyevu na chumvi hewani, kidonda cha namna hiyo hugeuka kutu upesi. Madhumuni ya makala haya ni kueleza sababu yake, kwani ndani ya jambo hili dogo mna fizikia na kemia ya kutosha kwa vipindi kadhaa vya darasani.

Tuanze na bati. Gari litokalo kiwandani hupakwa matabaka: rangi ya chini inayoshika chuma na kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, na juu yake vanishi angavu. Yote kwa pamoja huwa na unene wa mikromita 100 hadi 150 hivi, yaani karibu na unene wa karatasi moja au moja na nusu ya daftari. Juu ya vanishi hukaa nembo, ikishikwa na kipande cha sponji chenye gundi pande zote mbili.

Gundi hiyo hushikaje? Ni laini kiasi cha kutandaa na kuingia katika vijibonde vya uso wa vanishi, hata molekuli zake zikakaribiana mno na molekuli za vanishi. Hapo huzuka mivutano iitwayo kani za van der Waals, kwa heshima ya mwanasayansi wa Uholanzi, Johannes Diderik van der Waals, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1910. Kila mvutano ni dhaifu, lakini idadi yake ni kubwa mno. Mjusi kafiri anayetembea darini huishi kwa kani hizo hizo. Kellar Autumn na wenzake wa Marekani walitoa ushahidi wa jambo hilo mwaka 2002. Mwanafunzi amwangalie kwa makini mjusi huyo anapoinua mguu. Hauvuti moja kwa moja, bali hukunjua vidole kuanzia nchani. Tutaona punde kwamba ana hekima kuliko mafundi wengi.

Mvutano kati ya vitu viwili tofauti huitwa mwambatano. Ule wa kitu chenyewe kwa chenyewe huitwa mshikamano. Basi, kutoka kwenye bati hadi kwenye nembo mna mnyororo wa miambatano na mishikamano. Ukiivuta nembo, kani ile ile hupita katika matabaka yote, na mnyororo hukatika palipo dhaifu kupita pote. Kwa hiyo swali si nguvu kiasi gani itumike, bali ni wapi tunataka pakatike. Tunataka sponji ikatike yenyewe, katikati.

Tufanye hesabu. Tuseme nembo ina urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 2, na sponji yahitaji nyutoni 50 kwa kila sentimita ya mraba ili ing'oke kwa kuvutwa wima. Eneo ni sentimita za mraba 20. Kani itakiwayo ni nyutoni 1,000, sawa na uzito wa kitu cha kilogramu 100. Lakini tukianza ukingoni na kukunjua, kani hufanya kazi juu ya mstari tu, si juu ya eneo lote. Tuseme mstari huo wahitaji nyutoni 25 kwa kila sentimita ya upana: nyutoni 50 zatosha. Tofauti ni mara 20. Hiyo ndiyo siri ya mjusi.

Nembo ya plastiki ngumu, hata hivyo, haikunjiki. Hapo ndipo watu huchukua bisibisi. Ncha yenye eneo la milimita moja ya mraba, ikikandamizwa kwa nyutoni 20 tu, hulitia bati kanieneo ya nyutoni milioni 20 kwa mita ya mraba. Vanishi haistahimili. Badala yake tumia mshipi wa kuvulia samaki. Upitishe nyuma ya nembo, shika ncha mbili, uvute huku na huku kama msumeno, ukiuelekeza kwenye nembo na si kwenye rangi. Mshipi hugusa sponji kwa mstari mmoja mwembamba, na hukata pale pale tulipotaka.

Kabla ya hapo, lainisha sponji kwa joto. Polima za gundi hulegea zikipashwa moto, na hukakamaa zikipoa. Jambo hili nililisoma kitabuni, kisha nikalijua kweli kwa hasara nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo. Asubuhi moja ya baridi kali niling'oa nembo ya gari langu kuukuu kwa mkono; ilitoka ghafla, pamoja na kipande cha rangi kama ukucha. Dar es Salaam haitupi udhuru huo. Bati la gari jeusi lililoachwa juani mchana hupita nyuzi 60 za Sentigredi. Kwa gari jeupe, ambalo huakisi nuru nyingi, weka kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yasiyochemka, uwe na subira ya dakika tano, kwa kuwa plastiki hupitisha joto polepole. Pasi ya mkaa isikaribie kabisa.

Kuna tahadhari mbili za mwanzo. Kwanza, fungua buti utazame kwa ndani: nembo nyingine zina vijiti vilivyopenya matundu ya bati, nazo hazikatiki kwa mshipi. Pili, chunguza kama gari limepakwa rangi upya. Rangi iliyopakwa gereji bila msasa wa kutosha huwa na mwambatano dhaifu kuliko sponji, na hapo ustadi wote niliouleza hautasaidia sana. Afadhali nembo iachwe. Na bamba la namba ya chesisi si nembo: hilo haliguswi.

Masalio ya gundi yaondolewe kwanza kwa kuyasugua na kidole gumba hadi yajiviringe. Yatakayobaki yahitaji kiyeyushi, na kazi hii ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa, mbali na moto. Rangi ya kiwandani imeokwa, na molekuli zake zimefungamana kama wavu. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa huivimbisha gundi bila kuuvunja wavu huo. Thina ni kali mno. Rangi nyingi za bei nafuu za gereji hazina wavu: hukauka tu kwa kiyeyushi kutoka, na kiyeyushi kikirudi nazo huyeyuka tena. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi, acha. Mwisho osha kwa maji na sabuni.

Huenda ukaona kivuli cha nembo. Si uchafu: pale chini jua halikufika, na miale ya urujuanimno haikuichakaza rangi. Kung'arisha hupunguza tofauti hiyo, lakini hula vanishi. Tusisahau karatasi ya daftari.

Mwalimu anaweza kuonyesha haya kwa kifuniko cha kopo kilichopakwa rangi, mkanda wa gundi na kikombe cha plastiki. Bandika mkanda, ning'iniza kikombe kwenye ncha yake, na uongeze maji kijiko kwa kijiko, ukikumbuka kwamba mililita moja ina gramu moja. Fanya hivyo kifuniko kikiwa wima, mkanda ukivutwa sambamba nacho. Kisha kifuniko kikitazama chini, mkanda ukikunjuka. Rudia kwa kifuniko kilichopozwa kwa barafu na kilichoachwa juani, na wanafunzi wachore grafu ya kani dhidi ya halijoto.